Kwenye Ngazi za Fatehpur Sikri

Mume wangu alinivunja kifundo cha mkono wa kushoto Jumapili moja ya mwezi wa pili, tuliporudi kutoka kanisani, kwa sababu ya wali. Ulikuwa umeungua kidogo chini. Alinishika mkono nikiwa bado mbele ya jiko, akauzungusha kama mtu anayekamua nguo, na sote wawili tukasikia mlio. Binti yetu alikuwa mezani na simu yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alichukua sahani yake, akaenda nayo chumbani, akafunga mlango.

Kwenye zahanati ya Hässelby, kitongoji cha Stockholm tulikoishi, nilimwambia daktari kwamba nimeteleza kwenye barafu. Ilikuwa mwaka 2008, na wiki ile barafu ilikuwa imejaa kila njia, kwa hiyo hali ya hewa iliusaidia uongo wangu. Mwaka uliotangulia nilidai nimeanguka na baiskeli, na baiskeli sina. Kabla ya hapo ulikuwa mlango wa kabati. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alinifunga plasta polepole, kisha akaniuliza kama nyumbani niko salama. Nikamjibu ndiyo. Mume wangu alikuwa nje ya mlango, amenishikia koti.

Lazima niseme pia kwamba alikuwa mtu wa kupendwa, maana bila hilo hakuna atakayeelewa nilikaa naye miaka kumi na tano kwa nini. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, na ujana wake wote ulipita katika jumba la sinema akitazama filamu za Kihindi. Alijua nyimbo zao kwa moyo bila kujua maana ya neno hata moja. Mimi nilikulia katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, na Kiswahili changu ni cha shule ya kambi. Tulikutana Stockholm, kwenye ibada ya Warundi, na siku ya kwanza aliniimbia kwenye kituo cha treni mpaka watu wakageuka. Yeye alikuwa anaunga malori kiwandani Södertälje. Mimi nilikuwa nahudumia wazee majumbani mwao. Palipokuwa na harusi au ubatizo katika ule ukumbi tuliozoea kukodi Sundbyberg, wanawake walikuwa wananiambia, dada, wewe una bahati.

Kila alipomaliza kunipiga alikuwa mwema. Aliosha vyombo, alipiga pasi sare zangu za kazi, alinunua maua ya kwenye chungu. Mara hii maua hayakutosha. Wiki ya tatu ya plasta alikuja na tiketi za ndege, akaziweka juu ya meza.

"Tunaenda India," alisema. "Likizo ya Pasaka. Sote watatu."

"Kufanya nini?"

"Kuona. Tangu nikiwa mdogo nataka kuona. Kuna mfalme wa huko alimjengea mke wake kaburi la marumaru nyeupe, hakuna nyumba nzuri kama hiyo duniani. Nataka nikupeleke wewe."

Binti yetu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Akasema kwa Kiswidi, "Alimjengea alipokuwa ameshakufa."

Baba yake akacheka. Alikuwa amezoea kujibiwa Kiswidi, na siku zile za wema hakuna kitu kilichomkera.

Tulifika Agra baada ya safari ndefu ya gari kutoka Delhi. Plasta ilikuwa imeshatolewa, lakini mkono ulikuwa dhaifu na nilivaa bendeji ngumu yenye bati ndani. Hoteli ilitutafutia mwongoza watalii, mzee wa mji huo, Mwislamu mwenye ndevu alizozipaka hina, mwembamba, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko letu sote. Alizungumza Kiingereza. Mume wangu alikuwa na kile kidogo cha kiwandani, mimi kile cha kambini, kwa hiyo binti yetu ndiye aliyetutafsiria.

Asubuhi ya kwanza tuliliona hilo kaburi jeupe. Sitalieleza, watu wameona picha. Nitasema tu kwamba mume wangu alilia. Alisimama mbele ya yale maji marefu, machozi yakamtoka bila sauti, akanishika mkono wa kushoto juu ya bendeji, polepole, kama anashika yai. Ningekuwa mwongo nikisema sikuhisi kitu. Nilifikiri, labda. Neno hilo moja tu.

Mzee akatuambia malkia yule alifariki akijifungua mtoto wa kumi na nne.

"Kumi na nne," binti yetu akarudia, akanitazama mimi, si baba yake.

Baada ya chakula cha mchana mzee akatupeleka kwenye ngome ya wafalme, si mbali na pale, ukuta mwekundu mrefu kama mlima. Ndani yake kuna kibaraza cha marumaru kinachotazama mto, na kaburi linaonekana kwa mbali. Mzee alisema yule mfalme aliyejenga kaburi alifungwa humo na mwanawe wa kumzaa, miaka mingi, mpaka akafa akilitazama. Yule mwana aliwamaliza ndugu zake ili atawale. Watu wa Agra wanasimulia kwamba alimpelekea baba yake kichwa cha mmoja wao ndani ya sanduku, huyo baba amekaa kula.

"Mwambie arudie," mume wangu alimwambia binti yetu.

Mzee akarudia. Kichwa, sanduku, chakula.

Mume wangu alikuwa na kaka aliyeuawa Bujumbura wakati wa vita, kwa panga, mbele ya nyumba yao. Hakuwahi kunisimulia. Nilisimuliwa na dada yake, na nilikatazwa kumwuliza. Pale kibarazani nilimwona anaweka viganja viwili juu ya marumaru na kuinamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Kumbe hawa walikuwa wanachinjana huku wanajenga," akatoka kwenda kuvuta sigara.

Aliporudi, mabega yake yalikuwa yamepanda. Nilikuwa nimejifunza kusoma mabega yale kama watu wa huku wanavyosoma kipimajoto kabla ya kutoka nje. Jioni hiyo hiyo, jua halijazama, tulikaa kunywa chai kwenye bustani ya hoteli pamoja na yule mzee, na mzee akasema jambo la kuchekesha kuhusu nyani wa Agra, nikacheka. Chini ya meza mume wangu alinikamata goti, akalibana kwa vidole vya mtu anayefunga nati za malori. Aliendelea kutabasamu. Chai niliyokuwa nayo kinywani nikairudisha kikombeni. Binti yetu aliniona. Alisogeza kiti chake karibu na changu.

Siku ya pili tulikwenda Fatehpur Sikri, saa moja hivi kwa gari. Ni mji mzima wa mawe mekundu juu ya kilima, alioujenga babu wa yule mfalme, akakaa humo miaka michache tu, kisha watu wakauhama. Mzee alisema wengi hudhani maji yaliwaishia. Kumbi zipo, nguzo zipo, vyumba vya malkia vipo, mtu hakuna, isipokuwa watalii na kasuku wa kijani wanaoingia na kutoka kwenye matundu ya kuta. Ilikuwa mwezi wa tatu mwishoni, na joto lilikuwa limeanza kupiga kweli. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye theluji siku chache tu nyuma. Kichwa kilinigonga.

Kila mahali palikuwa na hadithi ya damu. Mzee hakuwa mtu wa kupenda damu, nadhani, ila alizoea kwamba wageni wanaipenda. Alituonyesha mnara uliochomwa meno ya tembo ya jiwe pande zote, akasema watu wanasimulia kwamba huko tembo alikanyaga vichwa vya waliohukumiwa. Alituonyesha uwanja uliochorwa miraba, ambako inasemekana mfalme alicheza mchezo wa kete, na kete zenyewe zilikuwa wasichana watumwa, wanasogezwa kwa amri. Binti yetu alisimama juu ya mraba mmoja, akatazama chini, akatoka haraka kama vile mraba ulikuwa na moto.

Wachuuzi walitufuata. Mume wangu alinunua tembo wa jiwe, mzito, mkubwa kama mkate, zawadi ya msimamizi wake kazini. Akamtia kwenye mkoba wangu wa kitambaa.

"Beba," alisema.

Nikabeba, begani upande wa mkono mzima.

Ndani ya uwanja wa msikiti lipo kaburi la mtakatifu, dogo, jeupe, limezungukwa na kuta za marumaru zilizotobolewa kama lesi. Tulivua viatu mlangoni. Wanawake wanafunga nyuzi kwenye matundu yale na kuomba, wengi wanaomba watoto. Mzee alinipa uzi mwekundu.

"Omba unachotaka," alisema, na binti yetu akanitafsiria. "Hapa hawaangalii dini."

Nimeandika na kufuta sehemu hii mara nyingi. Sikuomba mume wangu aache kunipiga. Niliomba afe. Niliomba kwa utulivu kabisa, kwa Kiswahili, nikitaja na njia: moyo, au gari, au moja ya zile mashine kubwa za kiwandani.

Mkono wa kushoto ulishindwa kufunga fundo. Mzee akasogea kunisaidia, akaiona bendeji kwa karibu, akauliza mkono umepatwa na nini. Swali hilo nilielewa bila tafsiri. Nilifungua kinywa kusema barafu.

Binti yetu aliniwahi. Alimjibu kwa Kiingereza, maneno machache, wazi, kama anajibu darasani: baba yangu aliuvunja.

Mzee aliinamisha macho. Alimaliza kufunga lile fundo, akarudi nyuma. Mume wangu alikuwa hatua mbili nyuma yetu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini sentensi ile ilikuwa fupi.

Tulipotoka pale tulivuka uwanja hadi kwenye lango kuu. Ni lango refu kuliko jengo lolote nililowahi kuishi, na mbele yake ngazi zinashuka mwinuko mkali kuelekea mji wa chini. Viatu vyetu vilikuwa vimebaki kwenye mlango wa upande mwingine. Mzee akasema tusubiri kwenye kivuli, yeye atavifuata, asije mmoja wetu akaungua nyayo. Nadhani alitaka pia kutuachia nafasi. Hakujua alichokuwa anatuachia.

Tulisimama watatu, pekupeku, juu ya ngazi. Chini yetu palikuwa na wauza picha na wauza soda.

"Rudia ulichomwambia yule mzee," mume wangu alisema.

"Umesikia," binti yetu alijibu kwa Kiswidi.

"Nimesema rudia. Kwa lugha yangu."

Binti yetu alikuwa hajanijibu mimi wala baba yake kwa Kiswahili tangu alipokuwa na miaka minane. Alimtazama baba yake usoni, akasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake, "Ulimvunja mama mkono."

Baba yake akampiga kofi. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa mtoto. Mimi nilikuwa nimepigwa mara nyingi, lakini kipigo nilikijua kutoka ndani tu, sikuwahi kukiona nikiwa nje yake. Niliona jinsi mkono ulivyorudi nyuma ili uje na nguvu. Niliona kwamba alipima. Binti yetu alirushwa upande, akaanguka kwa magoti, mdomo ukapiga ukingo wa jiwe. Alipoinua uso, meno yalikuwa mekundu na jino la mbele lilikuwa nusu. Baba yake akamshika nywele za utosini, zile nilizomsuka mimi kwa ajili ya safari, akamvuta kichwa juu apate kumpiga tena.

Nilizungusha mkoba.

Pigo la kwanza lilimpata nyuma ya sikio. Lilitoa sauti ya kitu kizito kinachoangukia zulia. Akamwachia mtoto, akanigeukia, na usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na mshangao tu. Kama ningeacha hapo, ningekuwa na hadithi nyingine ya kusimulia, hadithi ya mama aliyemkinga mwanawe. Sikuacha. Nilimpiga la pili kwenye paji la uso, ngozi ikafunguka, damu ikamwingia machoni. Akarudi hatua moja nyuma kujishikilia, mguu ukakosa ngazi, akabingirika ngazi sita au saba.

Nikamfuata. Mawe yalikuwa yanaunguza na sikuhisi. Alikuwa amelala ubavu, kichwa amekifunika kwa mikono, nikampiga juu ya mikono. Nikasikia kidole. Nikampiga mbavu. Mkoba ulikuwa umeanza kuchanika nikaushika kwa chini, tembo mwenyewe mkononi, nikainama ili nimpige vizuri zaidi.

"Basi," alisema. "Basi, mama watoto. Basi."

Neno hilo nililijua. Mimi ndiye niliyekuwa nalisema kila mara, jikoni, bafuni, kwenye korido ya nyumba yetu kati ya makoti. Kulisikia kinywani mwake kulinipandisha wazimu. Nilimpiga kwa ajili ya neno hilo pia. Na nilisikia raha. Ilianzia tumboni ikapanda mpaka kwenye meno, raha kama ya maji baridi.

Wauza picha wawili walinikamata, mmoja kiunoni, mwingine mkono. Walikuwa wananiambia kitu kwa lugha yao, kwa upole, kama watu wanaotuliza ng'ombe. Picha zao za kaburi jeupe zilikuwa zimemwagika ngazi nzima. Nilipotazama juu nilimwona mzee kwenye lango, ameshika jozi tatu za viatu vyetu kifuani.

Mzee ndiye aliyefanya yote baada ya hapo. Alimwita dereva, akamfunga mume wangu kichwa kwa kilemba alichokiomba kwa muuza soda, akatupeleka kwenye kliniki moja ya Agra. Alikaa mbele na dereva. Nyuma tulikaa sisi watatu, binti yetu katikati, ameshika kipande cha jino ndani ya kitambaa. Mume wangu alitapika dirishani.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimshona mume wangu nyuzi tisa kwenye paji la uso na nne nyuma ya sikio, akamfunga kidole kwa kijiti. Askari mmoja alikuwa amefika, kwa kuwa tulikuwa wageni, akavuta kiti, akafungua daftari, akauliza kilichotokea. Nilikuwa tayari. Niliweka mikono juu ya magoti nikasubiri.

Mume wangu alisema kwa Kiswahili, akitazama dari, "Niliteleza kwenye ngazi. Binti yangu alijaribu kunishika, naye akaanguka."

Askari akamtazama binti yetu amtafsirie. Mdomo wake ulikuwa umevimba kama si wake. Akatafsiri, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Askari akamgeukia mzee na kumwuliza kwa lugha yao. Mzee akajibu kwa ufupi, na nilijua kwa jinsi alivyoshika kifungo cha shati lake kwamba na yeye ameteleza kwenye ngazi zile zile.

Alipotuaga pale nje, mzee hakunitazama usoni. Alimwambia binti yetu kitu, akaondoka kwa miguu.

"Amesema nini?"

"Amesema mtoto asikae katikati kwenye gari," binti yetu alijibu.

Siku mbili zilizobaki tulikaa hotelini. Mimi na binti yetu chumba kimoja, mume wangu chumba kingine alichoomba mwenyewe mapokezi. Kwenye ndege alikaa ng'ambo ya njia. Watu walimtazama bendeji, wakamhurumia, mhudumu akamletea mto wa ziada. Tulipokuwa tunashuka kuelekea uwanja wa ndege wa Arlanda, theluji bado imelala juu ya misitu, aliinama upande wangu.

"Ungeniua," alisema.

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Kwa nini ulisema umeteleza?" nikamwuliza.

"Ulitaka niseme nini? Niende Södertälje niwaambie wenzangu kwamba nimepigwa na mke wangu?"

Kwa miaka kadhaa nilijaribu kuona wema katika uongo ule, kwamba alininusuru na jela ya ugenini. Sasa naamini alichosema. Ilikuwa aibu tu, kama yangu ilivyokuwa aibu.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa binti yetu aliona jino na mdomo, akampeleka kwa mshauri wa shule. Binti yetu akasema yote, kuanzia wali. Kesho yake watu wawili wa ustawi wa jamii walinipigia simu nikiwa kazini, nikamvalisha mzee niliyekuwa namhudumia soksi zake, nikaenda. Kiswidi changu kilitosha kuzungumza nao, lakini niliomba mkalimani. Kiswidi nilikuwa nimekitumia mno kuwadanganya madaktari, sikukiamini tena.

Mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanamume, Kiswahili cha pwani, kizuri. Nilieleza miaka yote kumi na tano. Yeye alitafsiri kwa sauti moja, bila kusita, mpaka nilipofika kwenye ngazi.

"Nilimpiga nikasikia raha," nilisema.

Mkalimani akauliza.

"Samahani, dada. Umesema raha?"

"Nimesema raha."

Akatafsiri. Mmoja wa wale wawili, kijana wa kike mwenye daftari, aliacha kuandika, kisha akaandika.

Mume wangu alihamia kwa rafiki yake Södertälje siku hiyo hiyo, na hakurudi. Polisi wakafungua kesi. Baadhi ya akina mama wa kanisani walinijia nyumbani, wakaketi na makoti yao, wakaniambia nifute mashtaka, ndoa ni ya kuombea. Niliwapa chai. Mahakamani nilitegemea atakana, lakini kuhusu mkono wangu alikubali, na kuhusu mtoto akakubali, huku anatazama meza. Kuhusu ngazi, alishikilia mpaka mwisho kwamba aliteleza. Alifungwa miezi kadhaa. Alipotoka alipata kazi nyingine, sikuuliza wapi.

Kama mtu anadhani kwamba baada ya hapo nilipumzika, sivyo ilivyokuwa. Mwaka uliofuata, nikiwa kazini, mzee mmoja niliyekuwa namwogesha alinitemea mate usoni. Alikuwa mgonjwa wa kusahau, hakujua alifanyalo. Nikamkamata mkono wa juu, nikabana. Nilikuwa nabana huku namtazama, na ile raha ikaanza kupanda kutoka tumboni, naifahamu. Nilimwachia. Alama za vidole vyangu vinne zilibaki kwenye ngozi yake nyeupe, moja baada ya nyingine zikawa nyekundu. Nilimkausha, nikamvalisha, nikaenda ofisini kwa msimamizi wangu nikamweleza. Aliniandikia barua ya onyo na kunitoa kwa wazee. Nilifua mashuka miezi saba. Siku za Alhamisi nilikwenda kwenye kikundi cha mazungumzo cha watu waliowahi kupiga wenzao, watu wanane kwenye duara, mimi mwanamke peke yangu. Mwanzoni wanaume wale walidhani nimekosea chumba.

Na nyumbani binti yangu aliniogopa. Hakusema. Lakini nikifungua kabati la juu ghafla, alikuwa anainamisha kichwa. Alikuwa hamwinamii baba yake tena, maana baba hayupo. Alikuwa ananiinamia mimi, niliyekuwa sijamgusa hata siku moja. Nilijifunza kusema kabla ya kuinua mkono. Nachukua chumvi. Nafungua dirisha.

Alipofikisha miaka kumi na minane alipata chumba cha wanafunzi, akaanza kufungasha. Ilikuwa mchana wa mwezi wa nane, madirisha wazi. Mimi nilikuwa nakunja mashuka yake, yeye anafunga sanduku la vitabu kwa utepe wa gundi. Bila kugeuka, akaniuliza kwa Kiswidi, "Mama, wale wauza picha wasingekushika, ungeacha?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miaka mitano, na majibu niliyoyaandaa yalikuwa mengi.

"Nisingeacha," nilisema.

Akakata utepe kwa meno. Jino lile la mbele lilijengwa upya, huwezi kuona tofauti usipojua.

"Najua," alisema. "Niliuona uso wako. Ulikuwa unacheka."

"Sikucheka."

"Ulicheka, mama."

Nilikaa kitandani na shuka mapajani. Kwa miaka yote ile nilijua nilichosikia ndani, sikujua kwamba kilitoka nje. Sikujua kwamba mtoto alikuwa amepiga magoti pale juu, kinywa kimejaa damu, anamtazama mama yake anacheka. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaona neno lenyewe dogo. Nikalisema hata hivyo.

Aliandika kwenye sanduku kwa kalamu nene: vitabu. Kisha akalisukuma kwa mguu hadi mlangoni, akarudi, akakaa kando yangu, si karibu sana.

"Baba anakuja Jumamosi kunisaidia kuunga kitanda," alisema. "Kwa hiyo usije Jumamosi. Njoo Jumapili, kama unaweza."

Nikamwambia nitakuja Jumapili.